Mchele wa Mwanza kwenda Kampala, meli au Mutukula?

Mkuu, kwa gunia zako 15 achana na meli ya MV Umoja, ile inabeba mabehewa ya treni toka bandari ya Mwanza South hadi Port Bell, bandari ya Kampala, ni ya wenye mzigo wa maana. We panda fuso upite mpaka wa Mutukula, pale maofisa wa Bongo na Uganda wanakaa jengo moja so unakaguliwa mara moja tu. Mzigo usiozidi dola 2000 omba cheti rahisi cha uasilia cha EAC (karatasi ya kuonyesha mzigo umetoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki) palepale mpakani, ushuru wa forodha hulipi, na vishoka watakaokukimbilia getini wapotezee. Ila cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Bongo, chukua kabla hujapakia.