Shangazi nisaidie: nafanya kazi home lakini wananiona sina kazi

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nina watoto wawili, nakaa Mbagala hapa Dar, ofisi yetu iko Posta, katikati ya jiji. Bosi katupangia siku tatu za wiki tufanyie kazi nyumbani, nikafurahi maana nilikuwa natoka saa 11 alfajiri niwahi gari. Sasa mume wangu akiniona niko home ndo ananipa kazi, mara fundi anakuja mpokee, mara mama mkwe yupo mpikie, mtoto nae analilia mlangoni niko kwenye mitingi. Laptop nakuja kuifungua saa 3 usiku mpaka saa 7, na bosi akiniona hewani ndo anazidi kutuma vitu wasap. Nirudi tu ofisini siku zote?
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Usirudi kwanza, foleni ya Barabara ya Kilwa unaijua mwenyewe.

Bosi ndo mwepesi, anza nae. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kama we sio meneja wa juu, kazi ya kawaida isizidi masaa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na ukimaliza kazi upumzike masaa 12 ndo uanze tena. We unafunga saa 7 usiku saa 2 asubuhi uko kazini, hapo yako wapi masaa 12? Ila na yeye usimlaumu sana, anakuona uko macho anajua ndo shifti uliyojipangia. Mwandikie imeili, sio wasap, mkubaliane saa 2 mpaka saa 11 jioni, na hapo hapo muulize bando analipa nani.

Mume ndo mtihani. Usimvae siku mama yake yupo! Subiri Jumapili ametulia, mwambie hizo siku tatu akuhesabu uko Posta, na nauli inayobaki iongezwe kwa dada wa kazi akae na mtoto mpaka jioni. Halafu vaa kiofisi. Nina jirani alikuwa anashinda na viatu vya ofisini humo humo ndani, tulimcheka mtaa mzima, lakini mama mkwe wake akiviona tu vile viatu hamtumi hata chumvi.

Na huyo fundi, si kamwita mwenyewe? Amwambie aje Jumamosi ampokee yeye.