Maswali yenu: kupiga picha nebula hafifu

Shikamoo. Nilipiga Nebula ya Jabari, lile wingu la gesi na vumbi katika kundinyota la Orion, juu ya paa kwetu Kisauni, Mombasa, picha moja ya dakika tano. Imetoka rangi ya chungwa tupu. Kamera imeharibika?

Marahaba, mwanangu. Kamera yako nzima. Rangi hiyo ni ya taa za mji, na hewa yetu ya pwani yenye mvuke mwingi huutawanya mwanga wake mpaka anga lote huonekana linawaka. Kama stendi yako inafuata nyota, piga picha za sekunde 30, ziwe hata 120, kisha uziunganishe kwa Siril au DeepSkyStacker, programu za bure zote mbili. Nebula hukaa palepale katika kila picha, lakini chenga, yaani vidoadoa vya ovyo vya kamera, huhamahama, kwa hiyo zikiunganishwa chenga hufifia na nebula hubaki. Picha 120 huwa na nusu ya chenga za picha 30. Kama stendi haifuati nyota, kwa lenzi ya milimita 50 usivuke sekunde 5 au 6.

Nimenunua stendi ya kufuata nyota. Maelekezo yasema niielekeze kwa Nyota ya Kaskazini. Nimeitafuta wiki nzima, siioni. (Likoni)

Wala hutaiona, ndugu yangu. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho. Mhimili wa stendi, ule inaouzungukia, hulengwa kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana kuzunguka. Ncha yetu ni ya kusini, nayo iko digrii 4 tu juu ya upeo: nyoosha mkono, bana vidole vitatu, ni chini kidogo ya upana wake. Mara nyingi imefichwa na minazi au utusitusi wa bahari.

Basi fanya hivi. Elekeza mhimili kusini kwa dira, uuinue digrii 4 kwa kipimo cha simu. Ukikataa kushuka hadi hapo, tia kipande cha ubao chini ya mguu wa kaskazini. Kisha itazame nyota iliyo karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa, kwa dakika kumi. Ikiteleza kaskazini au kusini, zungusha stendi kidogo kushoto au kulia, ujaribu tena mpaka itulie. Halafu rudia kwa nyota iliyo chini mashariki, safari hii ukirekebisha kimo cha mhimili. Kazi hii ilinichukua usiku mzima mara ya kwanza. Nilipomaliza nilipaka alama tatu za rangi sakafuni, na sasa miguu hurudi palepale.

Msimu gani ni mzuri?

Kaskazi. Katikati ya Januari, mnamo saa nne na nusu usiku, Nebula ya Jabari hupita karibu kabisa na utosi wetu, mahali ambapo hewa ya kupenya ni chache kuliko kote. Machi, usiku wa manane, geukia kusini uitafute Nebula ya Mkuku (Carina). Ni kubwa kuliko ya Jabari, na wenzetu wa Ulaya hawaioni kabisa kwao. Chagua siku za karibu na mwezi kuandama.

Kwa nini nebula nyekundu hazitoki kwenye kamera yangu?

Wekundu huo ni mwanga wa hidrojeni, na chujio la kiwandani mbele ya sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, huzuia sehemu yake kubwa. Fundi wa kamera anaweza kulibadilisha. Fanya hivyo kwa kamera ya zamani, si ile ya kupigia picha za harusi.

Lenzi huingia umande saa saba. Niifute kwa fulana?

La, hasha! Chembe za chumvi zitaikwaruza. Ifunge mkanda wa joto wa powabenki tangu magharibi, na ukirudi ndani iweke kwenye kopo lenye silika jeli (chembe za kufyonza unyevu), lisilopitisha hewa, isije ikaota kuvu.