Kifua kikinyamaza, usizime mashine

Mzazi mwenzangu mwenye mtoto wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu kuwa mzito, leo nataka tuzungumze kuhusu antibaiotiki ya kuvuta. Mwanangu anavuta antibaiotiki iitwayo tobramaisini kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, hapa nyumbani Ngamiani, Tanga: miligramu 300 asubuhi na jioni kwa siku 28, kisha anapumzika siku 28.

Dozi ikifika katikati, makohozi hupungua na mtoto hurudi uwanjani. Hapo ndipo mama mkwe, kwa huruma zake, huniambia, "Mwanangu, hebu mpumzishe na hiyo midawa." Namjibu, "Mama, kifua kimenyamaza, lakini ndani bado kunawaka."

Kunawaka kweli. Jeni ya CFTR, ambayo ndiyo chanzo cha ugonjwa huu, ikiwa na hitilafu, chumvi na maji havipiti sawasawa kwenye njia za hewa, ute unakuwa mzito, na bakteria aina ya Pseudomonas wanaweka makao. Mwili unawapelekea seli nyeupe za damu kwa wingi ili kupambana nao, na njia za hewa zinavimba. Seli hizo zikifa, vimeng'enya vyake, yaani kemikali zinazovunjavunja vitu mwilini, vinakula kuta za njia za hewa, na mabaki yake yanazidi kuunatisha ute. Kwa hiyo mapafu yanaweza kuharibika hata mtoto asipokohoa sana. Dawa ikipunguza bakteria, uvimbe huo nao hupungua kiasi, ila hauishi. Ni kukumba maji kwenye ngalawa inayovuja. Dozi imalizwe, na mapumziko yafuate ratiba ya daktari, si hali ya kikohozi.

Utaratibu nao una maana. Sisi huanza na salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, halafu maji ya chumvi ya kuvuta, kisha mazoezi ya kutoa makohozi. Antibaiotiki huja mwisho, ikute njia zimefunguka. Usiichanganye na dawa nyingine kwenye kikombe kimoja cha nebulaiza. Kila baada ya kutumia, osha vifaa kwa sabuni, chemsha vile vinavyoruhusiwa kuchemshwa dakika 5, uviache vikauke vyenyewe.

Joto letu la pwani ni adui mwingine. Ampuli, yaani vichupa vidogo, za tobramaisini hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. Nje ya friji zinavumilia hadi siku 28, lakini joto lisipozidi nyuzi 25, na wakati wa kaskazi chumba gani cha Tanga kina nyuzi 25? Weka kasha la barafu tayari kwa siku umeme ukikatika, ila ampuli zisigande.

Na kwa kuwa dawa hii inaweza kuathiri masikio, mtoto akisema yanavuma, mpigie daktari siku hiyohiyo.