Unataka kuanza kusoma fantasia ndefu? Anza na iliyokwisha

Juzi kuna msomaji kanicheki inboksi, kaandika kwa unyonge kabisa, kaka nimejaribu Gardens of the Moon nikashindwa, nimeuliza kwenye grupu wakanijibu hizi riwaya si za watu kama mimi, naomba unielekeze pa kuanzia. Nimeisoma ile meseji nikakasirika, si kwake, kwa hao waliomjibu. Najua inavyouma. Kuna mtu ninayemheshimu sana alishaniambia mbele za watu kwamba mtu mzima mwenye akili zake hawezi kukaa anasoma habari za majoka na wachawi, watu wakacheka, na mpaka leo nikikutana naye yale maneno yananirudia. Tangu hapo nimeimaliza The Wheel of Time yote, vitabu 14, na najivunia hilo wala sioni haya kulisema.

Sasa turudi kwenye swali. Ndugu yangu, hujashindwa wewe, umepewa kitabu kisicho cha kuanzia. Gardens of the Moon ya Steven Erikson ya 1999 ndo ya kwanza kati ya riwaya kumi za mfululizo wa Malazan, na inakutupa katikati ya vita bila kukueleza nani ni nani, majeshi, miungu, mizimu, vyote kwa mpigo. Ni kazi kubwa sana ila haimpokei mgeni.

Ushauri wangu wa kwanza na mkubwa: anza na mfululizo ambao mwandishi kashaumaliza. Nasema hivi kwa sababu nimeumia. A Song of Ice and Fire ya George R.R. Martin ilianza 1996, kitabu cha tano kikatoka 2011, cha sita mpaka leo tunakisubiri, na mimi nilifunga kile cha tano nikiwa na maswali mengi kiasi kwamba kila kitabu nilichoshika baada yake nilikiona chepesi. The Name of the Wind ya Patrick Rothfuss nayo, kitabu cha kwanza kati ya vitatu, ni ya 2007, cha pili 2011, cha tatu bado. Vyote vizuri mno, sikatai, lakini mtu anayeanza anahitaji kufika mwisho, aonje ile raha ya kuona mambo madogo ya kitabu cha kwanza yanakuja kulipwa cha mwisho.

Kwa hiyo shika Mistborn ya Brandon Sanderson. Vitabu vitatu vya mwanzo, 2006 mpaka 2008, hadithi imeisha. Dunia inanyeshewa majivu, mfalme mmoja katawala miaka elfu, halafu kuna Vin, binti mwizi wa mitaani anayegundua kwamba akimeza madini fulani anapata nguvu za ajabu, kila madini na kazi yake. Uchawi wake una kanuni, unaelewa kinachowezekana na kisichowezekana, ndo maana mapigano yake yanakushika.

Ukimaliza hapo nenda kwa Robin Hobb, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Assassin's Apprentice ya 1995 inamhusu Fitz, mtoto wa nje wa mwana wa mfalme, analelewa mazizini na mtunza farasi, kisha babu yake mfalme anaamuru afundishwe kuua kwa siri. Hakuna mhusika aliyewahi kuniumiza kama Fitz. Inakwenda polepole, wengine wanalalamika, mi nawaambia acheni pupa, ule upole ndo unaokufanya umpende mtu kabla hajaanza kuteseka. Yule aliyesema hizi ni hadithi za majoka tu angesoma kurasa za Fitz na mbwa mwitu wake angenyamaza.

The Wheel of Time iwe baadaye. Robert Jordan aliianza 1990, akafariki 2007 kabla ya kuimaliza, Sanderson akaikamilisha kwa kutumia maandishi aliyoyaacha, cha mwisho kikatoka 2013. Katikati inazembea, hasa cha kumi, vumilia tu. Kuna kitabu cha pembeni, New Spring, kinaeleza mambo yaliyotangulia hadithi hiyo lakini usianze nacho, fuata mpangilio ambao vitabu vilitoka.

Anayetaka kitu cha tofauti achukue The Fifth Season ya N.K. Jemisin, cha kwanza kati ya vitabu vitatu, na vyote vitatu vilishinda Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, kwa riwaya bora mfululizo, 2016, 2017, 2018, hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Mama anamtafuta binti yake huku ardhi inapasuka, na sehemu kubwa anaitwa "wewe", mwanzo inasumbua, baadaye huwezi kuiacha.

Na jamani acheni kusoma ili muonekane mmesoma. Acheni kuwacheka wageni. Kitabu kisipokuingia kiweke pembeni, chukua kingine, Malazan ilishakamilika 2011, haikimbii.

La mwisho, ukisahau jina la mhusika usilitafute intaneti, utakutana na kifo chake kwenye mstari wa kwanza. The Wheel of Time ina faharasa ya majina na maneno mwishoni mwa kila kitabu, tumia hiyo.