Taya la mtoto likivimba, usikimbilie kung'oa jino

Virusi vya herpesi vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu ni viwili: Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda uitwao limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, na HHV-8 kinacholeta Kaposi, saratani ya mishipa ya damu. Vyote huenea sana kwa mate. Epstein-Barr tunacho karibu sote tangu utotoni, kwa hiyo kulipia kipimo cha damu kuonesha kwamba unacho ni kutupa pesa.

Epstein-Barr kikiingia kwenye seli B za damu, yaani chembe nyeupe za kinga, hakiziui, hujificha humo. Protini yake EBNA1 hukishikiza kwenye kromosomu, seli ikigawanyika nacho hurithiwa. Nyingine, LMP1, ni kama swichi iliyokwama: seli huzidi kuzaana bila kuamrishwa. Kwa kawaida kinga huzimaliza. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoharibu: huchosha kinga, tena huzifanya seli B zikate na kuunga vinasaba vyake ovyo. Siku kinasaba cha MYC, kinachoamuru seli izaane, kinapoungwa pasipo pake, seli hailali tena, hata LMP1 haihitajiki.

Uvimbe huo, yaani limfoma ya Burkitt, unaweza kukua maradufu kwa siku 1 au 2. Meno ya mtoto yanalegea kabla ya wakati, taya limejaa, pengine jicho linatokeza: usingoje duru ya pili ya antibayotiki. Omba akatwe kinyama kipimwe. Aliye Pemba adai rufaa mapema, safari yenyewe inakula siku. Kupasua si tiba yake, tiba ni dawa za saratani, na dozi ya kwanza ni ya kulazwa: seli zikifa kwa wingi humwaga potasiamu na asidi ya yuriki, figo zikafeli. Ndiyo maana hutanguliziwa dripu na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki.

HHV-8 mbinu yake nyingine. Protini yake LANA huikamata p53, protini ya mwili wetu inayoamuru seli iliyoharibika ife. VVU vikishadhoofisha kinga, hutokea madoa ya zambarau au meusi yasiyouma, miguuni au kwenye kaakaa, na mguu huvimba. Usiuumike mguu huo kwa chuku, madoa yenyewe ni vivimbe vya mishipa ya damu. Pima VVU. Kaposi ya mapema mara nyingi hunywea kwa ARV peke yake. Anayekohoa damu au kupumua kwa shida huongezewa dawa za saratani. Madoa yakiongezeka katika miezi ya mwanzo ya ARV usiache vidonge, rudi kliniki. Na prednisoloni, dawa ya steroidi, ya duka la dawa usiiguse: huichochea Kaposi.