Mita 12 Nilizoziona za Bure

Ukitokea Segera kuja Tanga mjini, ukishaipita Pongwe na kuanza kuikaribia Kange, utaona kando ya barabara fremu za biashara zimejipanga kama meno. Safu mojawapo ni yangu. Ina fremu tano na pengo. Wapita njia wengi hudhani palipo na pengo paliungua. Hapakuungua. Nilivunja mwenyewe, kwa pesa yangu, fremu mbili zilizokwisha kupakwa rangi, na mojawapo ilikuwa na mpangaji ndani.

Tangu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, lianze kuwa habari ya kila kijiwe, kila mwenye kipande cha ardhi karibu na lami anataka fremu. Nami naulizwa sana, kwa simu na kwenye misiba, nilijengaje na lile pengo ni la nini. Nimeona niandike mara moja.

Kiwanja nilikinunua kwa kiinua mgongo. Upana wake ubavuni mwa barabara ni mita 24, kina mita 30. Wala sikuanza kihuni, maana nilikuwa mtumishi wa umma na karatasi sizidharau. Hati ilikuwa ya matumizi ya biashara, kodi ya ardhi nimelipa, michoro imechorwa na mtu aliyesajiliwa, kibali cha ujenzi nimekichukua halmashauri kabla fundi hajagusa jembe. Katika mchoro ule, jengo lilikaa mita 12 nyuma ya mpaka wa mbele. Mita 5 za kulaza magari, mita 6 za gari kupita na kugeuza, mita 1 ya watu kutembea mbele ya milango. Kila gari limechorewa kisanduku chake, upana mita mbili na nusu.

Niliutazama mchoro nikaona uwazi. Mita 12 kwa 24, asilimia 40 ya kiwanja, nimezinunua kwa pesa ya miaka thelathini ya kazi ili watu wengine waje waegeshe.

Fundi naye akaona hivyo hivyo. Siku ya kuweka mambo za msingi, vile vigingi vya kupimia, alinivuta pembeni. "Mama, hii ramani ni ya kupatia muhuri tu. Fremu inatakiwa iione barabara. Ukiirudisha kule nyuma mteja atajuaje kama unauza?" Kisha akanyoosha mkono kwenye nyasi zilizokuwa kati ya jiwe langu la mpaka na lami. "Paki si hiyo hapo? Tena ya bure."

Nikakubali. Simlaumu fundi, maana alisema nilichotaka kusikia. Msingi ukachimbwa juu ya mstari wa mpaka, fremu saba zikajaa upana wote, na ngazi na kibaraza vikatoka nje ya mpaka kwa mita moja na nusu.

Zile nyasi zina mwenyewe. Ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi huhesabiwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani zilikuwa mita 22.5. Hiyo tofauti ya mita saba na nusu imeliza watu wengi nchini, na ndiyo maana ya zile X za kubomolewa mnazoziona kwenye kuta: ya kijani kwa aliyefuatwa na sheria akiwa ameshajenga, huyo ana haki ya fidia, nyekundu kwa aliyeifuata barabara mwenyewe. Mimi nilipewa nyekundu. Haikuwa kwenye ukuta, kwa sababu ukuta ulikuwa ndani ya mpaka. Iliwekwa juu ya ngazi ya pili, ndogo, imechuruzika kidogo upande wa kushoto. Kwa muda wa miezi kila mteja aliyeingia aliikanyaga.

Lakini X haikuniumiza kama mtaro. Ulichimbwa wakati wa kiangazi, ukapita mbele yangu kutoka mwanzo wa kiwanja hadi mwisho, na mimi nikawapelekea wachimbaji maji ya kunywa. Masika ilipoingia ndipo nikaelewa. Pale nilipopaita paki palikuwa upande wa pili wa handaki. Mwenye gari alisimama ukingoni mwa lami, magurudumu mawili ndani, mawili nje, akiangalia nyuma kama kuna basi la Dar. Askari wa usalama barabarani walipowaandikia wawili watatu, habari ikaenea. Mpangaji wa duka la dawa alivumilia masika moja. Alipokuja kuaga alisema kwa adabu kabisa, "Mama, mgonjwa hawezi kuruka mtaro." Miezi sita ya kodi ikaondoka naye.

Kuna ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Wateja wangu hawakufika hata hapo kwenye kuja. Walipita tu.

Nilirudi halmashauri mwenyewe kabla sijaitwa. Nililipa nilichotakiwa kulipa kwa kujenga kinyume na mchoro, nikachoresha upya: kwa kuwa jengo lilishakaa mbele, maegesho yaende nyuma. Ili gari lifike nyuma lazima lipite mahali, na mahali pekee ni kwenye fremu. Mbili za mwisho zikaenda. Zilitoa mwanya wa mita sita na kitu, magari mawili yanapishana bila kukunja vioo. Barabara ikiwa kuu, kufungua njia ya kuingia kwako kunataka kibali cha TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, ni tofauti na kibali cha ujenzi cha halmashauri, na watu wengi hawajui kwamba ni vibali viwili. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ulipoanzishwa 2017. Kalavati juu ya mtaro nililijenga kwa gharama yangu, kwa vipimo nilivyopewa.

Basi, ushauri wangu, na nauanza na kilicho muhimu kuliko vyote: usianze kuchora fremu. Anza kuchora gari. Chukua karatasi ya vijimraba ya mtoto wa shule, chora kiwanja chako kwa kipimo, kisha weka humo visanduku vya mita mbili na nusu kwa mita tano, na nyuma ya kila safu acha mita sita. Ukiacha mita nne dereva mzuri atatoka, ila atatoka kwa kwenda mbele na nyuma mara tano huku nyuma yake wakipiga honi, na kesho hatakuja. Gari moja, pamoja na sehemu yake ya kugeuzia, hula karibu mita 25 hadi 30 za mraba. Fremu yangu moja ni kama mita za mraba 16. Ukishaona hesabu hiyo kwa macho yako ndipo utajua kiwanja kinabeba fremu ngapi kweli, si zile za kwenye ndoto.

Halafu mchore fuso. Hapa ndipo hata wachora ramani wengine hulala. Mpangaji wangu mmoja anauza vifaa vya ujenzi, na saruji haiji kwa Noah. Fuso la kwanza kuingia uani lilikata kona mapema likaondoka na nguzo ya kibaraza. Sasa mzigo unashushwa kabla ya saa mbili asubuhi, ua ukiwa mtupu, na kona tumeikata kwa mshazari. Kama ungekuwa bado hujajenga, kona hiyo ungeipata bure.

Lakini pia usijenge kama uko mji wa watu wenye magari tu. Tanga ni mji wa baiskeli tangu enzi, na sasa ni mji wa bodaboda na bajaji. Kabla sijachoresha mara ya pili nilikaa asubuhi mbili kwenye benchi la jirani mwenye fremu, na kalamu, nikiandika kila mteja amefikaje. Wenye magari walikuwa wachache kuliko nilivyodhani. Wa pikipiki na wa miguu ndio waliojaa. Kwa hiyo uani nina nafasi za magari sita tu, na kule mbele, pembeni mwa lango, ndani ya mpaka wangu, nimeacha kipande cha pikipiki chenye kivuli cha bati. Pasipo na mahali pake, bodaboda hujitafutia, na atakachokipata ni mlango wa fremu yako.

Kivuli nacho ni somo. Uani palikuwa na mwarobaini mmoja na minazi miwili. Mwarobaini niliuzungushia matofali ukabaki, na nafasi iliyo chini yake ndiyo hujaa kwanza kila siku, hata kama iko mbali na milango. Minazi niliiacha kwa ajili ya uzuri. Uzuri huo uliangukia kioo cha mbele cha mteja aliyekuja kununua misumari ya elfu tatu. Kioo nililipa mimi. Minazi haipo.

Ngazi zilipobomolewa ilibidi tujenge njia mpya za kuingilia, na hapo nikamuuliza fundi, wa pili huyu, kuhusu wenye viti vya magurudumu. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 na majengo yanayohudumia umma yanatakiwa kufikika. Akaniambia nisijali, ataweka mteremko. Akaweka wa mita moja, mkali kama barabara ya kupandia Lushoto. Kipimo kinachokubalika na wajenzi ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Sakafu yangu imeinuka sentimita 45, hivyo mteremko ulitakiwa mita 5 na sentimita 40. Tukauvunja, tukaulaza ubavuni mwa jengo. Wanaoutumia zaidi ni wapagazi wenye mikokoteni na akina mama wenye watoto mgongoni, na mzee mmoja wa Duga ambaye hana ulemavu wowote ila magoti yamemchoka.

Maji. Masika yetu kuanzia Machi hadi Mei si ya mchezo, na ukisakafia ua mzima, mvua iliyokuwa inanyweka ardhini inatafuta kwa jirani. Ua wangu nimeweka pevingi kwenye njia za magurudumu na kokoto kwingine, na umeinamishwa sentimita mbili kila mita kuelekea mtaroni. Hilo halina mengi.

Haya yote ni ya pembezoni, kwenye viwanja vipya. Aliye na nyumba Ngamiani asinielewe vibaya. Barabara zile za namba zilipimwa zamani, nyumba zimegusana mabega, baraza iko mlangoni, na hakuna afisa atakayekudai sehemu ya magari ambayo haiwezi kuwepo. Huko suala ni moja: kibaraza kibaki njia ya watu. Ukikijaza majokofu na magunia, mtembea kwa miguu anashuka barabarani, na barabarani kuna bajaji.

Na aliye Raskazone, kule kwenye viwanja vikubwa, ambako kila nyumba ya zamani inatamani kuwa mgahawa, asianze na paki wala fremu. Aanze na hati. Kama inasema makazi, kuna utaratibu wa kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kuna kutangaza, na majirani wana nafasi ya kupinga. Majirani wanaopinga hawapingi samaki wako wa kupaka. Wanapinga magari ya wateja wako kwenye malango yao saa nne usiku. Ukiwapelekea mchoro unaoonyesha magari yatalala wapi, maneno hupungua. Na ukiwa karibu na maji, kumbuka kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wengi wanapima kutoka pale maji yalipo siku ya kupwa.

Fremu tano zimejaa. Duka la dawa limerudi, si yule bali mwingine, na kabla hajauliza kodi aliuliza wagonjwa wake watasimama wapi. Nilimpeleka uani akahesabu mwenyewe.

Wiki iliyopita, viwanja viwili baada ya changu, kijana mmoja ameanza kuchimba. Nilipita asubuhi nikakuta mambo zimepigwa juu ya jiwe la mpaka kabisa, na aliyeshika kamba ni yule yule fundi wangu wa kwanza. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama", akaangalia pembeni. Nilimwomba kijana anionyeshe mchoro. Ulikuwa kwenye gari, haujakunjuliwa. Tuliukunjua juu ya boneti, nikampa futi kamba yangu, tukapima kutoka kwenye jiwe kurudi nyuma: moja, mbili, tatu, mpaka tukafika kwenye mhogo wa jirani. Akasimama pale mikono kiunoni akitazama uwazi wote ule, kimya. Futi kamba bado iko kwake, sijaidai.