Papai kwa mama mzee mwenye kisukari
Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba mama yako, aliyebakiwa na meno machache, anakataa matunda yote isipokuwa papai, nawe unahofia kisukari chake. Usimnyime, kwani papai lililoiva ni laini na lina maji na nyuzinyuzi zinazosaidia kupata choo, shida inayowasumbua wazee wengi kuliko wanavyosema. Chagua lenye ganda la njano linalobonyea kidogo, mpe kipande kisichozidi kiganja chake, bila sukari wala asali, wala usilifanye juisi, kisha mpime sukari baada ya saa 2. Ikiwa anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza. Na akikosa choo huku tumbo likivimba na kuuma, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.